Mstari Utatoka Tu, Mdogo Wangu

Wadogo zangu, barua za safari hii zimekuja kama zimeambizana. Ya kwanza imetoka kwa binti aliyemaliza chuo karibuni, sasa anajitolea kwenye shirika moja la uhifadhi upande wa Babati. Bosi wake kamwambia achore ushoroba wa wanyama kati ya Hifadhi ya Tarangire na Ziwa Manyara, na mwisho wa mwezi anautaka mezani. Laptop anayo, programu ya ramani ya QGIS anayo, picha za satelaiti kashapakua. Anaandika: "Dada, mstari umetoka, tena umekaa vizuri. Bosi kaufurahia. Mimi ndiye sina raha nao. Nitajuaje kama ni wa kweli?"

Huna raha, na mimi nakwambia usiitafute haraka. Mstari ungetoka tu. Ungeweka namba za kubahatisha, ungetoka. Ungezigeuza zote, shamba ukalihesabu pori na pori ukalihesabu shamba, ungetoka vilevile, ukaupaka rangi, ukaweka na alama ya kaskazini pembeni, na bosi angeufurahia. Programu ukishaipa mahali pa kuanzia na mahali pa kuishia, itatafuta namna ya kuviunganisha. Haijui kukwambia kwamba hapo katikati tembo hajapita tangu babu yako akiwa kijana.

Kwa wasomaji wangu ambao kazi hii ni ngeni kwao, inakwenda hivi. Nchi inakatwa kuwa miraba midogo, tuseme ya mita 30 kwa 30, na kila mraba unapewa namba ya ugumu wa kupita. Pori la wazi 1, kichaka kizito 3, shamba 10, penye nyumba 50. Hiyo ndiyo ramani ya gharama, wengine wanaiita ramani ya ukinzani, na gharama hapa si ya shilingi. Dereva wa bodaboda masika anakubali kuzunguka kilomita mbili zaidi kukwepa tope la njia ya mkato, maana kichwani anayo ramani ya namna hiyohiyo. Ila yeye alishawahi kuzama kwenye lile tope. Kompyuta haijawahi kuzama popote.

Ukitoka mraba mmoja kwenda wa jirani, programu inachukua wastani wa namba zao mbili na kuzidisha kwa umbali. Mraba wa 1 na mraba wa 10, wastani 5.5, mara mita 30, unapata 165. Ukipita kwa kukata kona unazidisha tena kwa 1.414, inakuwa kama 233. Inajumlisha hivyo kila upande hadi ifike mwisho, halafu inarudi nyuma ikifuata jumla ndogo kuliko zote. Msingi wa hesabu hiyo uliwekwa na Mholanzi Edsger Dijkstra, aliyeichapisha mwaka 1959, na mpaka leo inafanya kazi yake sawasawa. Ukiona njia ya ajabu, usimsumbue Dijkstra. Angalia ulichomlisha.

Na ulichomlisha wewe, mdogo wangu, ni maoni. Kwenye barua umesema shamba umelipa 10 kwa sababu umeikuta kwenye makala ya watafiti wa nchi nyingine. Sawa, wote tunaanzia mahali. Lakini jaribu hivi: kila namba uliyoweka, isome kwa sauti. Kama pori ni 1 na shamba ni 10, umesema kwamba kuvuka kilomita 3 za shamba ni sawa na kuzunguka kilomita 30 porini. Umesema tembo wa Tarangire, akiona mahindi mbele yake, atakwenda kilomita 27 za ziada kuyakwepa. Unaamini? Mwulize mama yeyote mwenye shamba Minjingu kama tembo huwa wanazunguka. Ukiweka 5 badala ya 10, mzunguko unashuka hadi kilomita 15. Ukiweka 100, kilomita 300, yaani mnyama karibu atoke mkoa. Namba zikikaa kwenye jedwali zinaonekana za kitaalamu sana; zigeuze kilomita uone kama bado unaweza kuzitetea mbele ya mtu anayelala shambani na tochi.

Halafu kuna jambo ambalo wengi mnalichanganya. Mahali mnyama anapopenda kuishi na mahali anapokubali kupita ni vitu viwili. Mnachukua ramani ya makazi bora ya tembo, mnaigeuza, palipo pazuri panakuwa rahisi, palipo pabaya panakuwa pagumu, mnaita ukinzani. Mnyama aliye safarini ana uvumilivu ambao akiwa nyumbani hana. Iain Douglas-Hamilton na wenzake walichapisha mwaka 2005 kazi yao ya kufuatilia tembo wa Kenya kwa mikanda ya GPS, wakaonyesha kwamba wanapokatiza kutoka eneo salama hadi jingine wanakwenda kasi kuliko kawaida yao. Hawakai, wanapita. Mwaka uliofuata, Jake Wall, Douglas-Hamilton na Fritz Vollrath wakaonyesha kitu kingine kwa tembo wa kaskazini mwa Kenya: wanakwepa vilima, kwa kuwa mwili wa tani kadhaa kuupandisha mlima unakula nguvu nyingi mno. Kwa hiyo kwenye ramani yako mteremko unaweza kuwa na uzito kuliko ulivyodhani, na shamba usiku likawa na uzito mdogo kuliko ulivyodhani. Shamba la mchana na shamba la saa nane usiku usiyape namba moja kama unao uwezo wa kuyatenganisha.

Tena umeandika "wanyama". Wanyama gani? Nyumbu na pundamilia wa Tarangire wakati wa mvua wanatoka mtoni na kutawanyika, wengine wanaelekea tambarare za Simanjiro upande wa mashariki, wengine kaskazini kuelekea Gelai na Ziwa Natron, kiangazi wanarudi kwenye maji ya Mto Tarangire. Hugh Lamprey aliieleza safari hii tangu mwaka 1964. Nyumbu anataka uwazi na majani mafupi, aone simba akiwa mbali. Tembo kichaka kinamsitiri. Ukiwapa ramani moja, umemchorea mnyama wa tatu ambaye hajaumbwa. Chora mbili, na hata ukiishia kuziweka juu ya karatasi moja, bosi aone zinapoachana.

Eneo lako lenyewe, Kwakuchinja, lina vituko vyake, na nakutajia vile ambavyo vitabu vya darasani havikukutajia. Kwanza, longitudo ya nyuzi 36 inapita karibu kabisa na hapo, na ndiyo mpaka wa kanda mbili za UTM, ule mfumo wa gridi ya ramani, ya 36 na ya 37 kusini. Data za Manyara zitakuja katika kanda moja, za Tarangire katika nyingine, na za zamani zitakuja kwa mfumo wa Arc 1960. Chagua kanda moja, hamishia kila kitu humo, kisha fungua barabara juu ya picha ya satelaiti uone kama zinalaliana. Ukiruka hatua hii, hakuna namba ya ukinzani itakayokuokoa.

Pili, ziwa. Najua umelifanya tupu, mraba usio na thamani, ili njia isikatize majini. Ziwa Manyara lina kina kifupi. Mvua zikikolea linajaa, ukame ukikolea linarudi nyuma na kuacha uwanda mpana wa udongo wa chumvi, na wanyama wanatembea hapo. Picha uliyotumia ni ya mwezi gani? Ukingo wa ziwa ukiuchora mara moja kwa mwaka mzima umeamua wewe nani apite na nani asipite. Upande wa magharibi wa ziwa pana ukuta wa Bonde la Ufa, na huko namba kubwa ya mteremko sina ugomvi nayo.

Tatu, barabara kuu ya Arusha kwenda Babati na Dodoma, inayokatiza katikati. Hapa wengi mnaliwa bila kujua. Barabara ni nyembamba kuliko mraba wako wa mita 30. Ukiigeuza miraba, inapokwenda mshazari inakuwa ngazi ya miraba inayogusana kwa pembe tu, na programu inayoruhusu kupita kwa kona inapenya katikati ya pembe hizo bila kulipa chochote. Kwenye ramani yako barabara ipo, namba yake kubwa ipo, na njia imepita kama barabara haipo. Unapoigeuza, chagua kila mraba unaoguswa na mstari uhesabike, au ipanue kidogo kwanza. Uzio wa waya nao una tatizo hilohilo.

Kuhusu laptop yako ndogo uliyolalamikia: eneo la kilomita 60 kwa 60 kwa miraba ya mita 30 ni miraba milioni 4. Ukitaka ya mita 10, kwa sababu tu data za uoto za mita 10 zinapatikana bure, ni milioni 36, na hapo feni italia usiku kucha. Kwa mita 100 ni 360,000. Mnyama anayetembea kilomita 40 hakuhitaji umpimie kila mti. Anza na 100 uzijue tabia za namba zako, kisha teremka kwenye 30 pale penye mbano.

Sasa mstari wenyewe. Njia ya gharama ndogo kabisa ina upana wa mraba mmoja. Mita 30! Pundamilia mia nne wapite kwa foleni? Unachokitaka ni ukanda. Piga hesabu ya gharama kutoka Tarangire, piga nyingine kutoka Manyara, zijumlishe, halafu chukua miraba yote ambayo jumla yake haijaachana sana na ile ndogo kuliko zote. Utashangaa: pengine ukanda ni mpana wa kilomita nyingi sehemu moja, maana yake njia mbadala zipo, na sehemu nyingine umebanwa hadi mita mia kadhaa, maana yake pakijengwa nyumba tatu hapo mambo yamekwisha. Mahali hapo pa mbano ndipo penye ripoti yako. Kwingine ni picha tu. Kuna programu ya Circuitscape, aliyoianzisha Brad McRae, inayoichukulia nchi kama saketi ya umeme: mkondo unapita njia zote kwa pamoja, na penye mbano unakolea. Ya bure nayo. Itumie ubishane na matokeo yako mwenyewe.

Na ubishi wa pili huu hapa: badilisha namba. Shamba liwe 5, kisha 10, kisha 25. Nyumba 30, kisha 100. Zile sehemu za ukanda ambazo hazihami hata ukifanyaje, simama nazo. Zinazohamahama, zipake rangi iliyofifia na useme wazi kwamba hapo ni namba ndiyo inayoongea. Bosi asiyetaka kuona rangi iliyofifia ataiona siku mkulima atakapomuuliza kwa nini shamba lake limo na la jirani halimo.

Ukifika hapo ndipo utoke ofisini. Chukua ramani ya karatasi, kubwa, nenda kijijini, shikamoo kwanza, ramani baadaye. Usiwaonyeshe mstari wako. Waonyeshe mito, visima, vilima kwa majina wanayoyatumia wao, uwaombe wachore. Wafugaji wa Kimaasai wanajua pundamilia wanashuka wapi mvua za kwanza zikidondoka, kwa kuwa ng'ombe wao wanafuata majani hayohayo. Wambugwe wanaolima wanajua tembo wanaingilia wapi. Madereva wa malori wanajua wapi wanafunga breki usiku. Askari wa wanyamapori wa kijiji wanajua kinyesi kiko wapi, na kinyesi hakina upendeleo. Data hizi usizitumie kutengeneza namba na kisha ukazitumia tena kuzipima. Ukifanya hivyo unajisahihishia mtihani wako mwenyewe. Gawa. Nusu ya kujengea, nusu ya kupimia, na ile ya kupimia ifunge kwenye folda usiiguse.

Kuna mmoja ameniuliza kwa ufupi kama kazi hii yote ina faida, "maana ushoroba unaishia kwenye makabati." Swali la haki. Hapa kwetu Kanuni za mwaka 2018, chini ya Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya 2009, zimeweka utaratibu wa kutangaza shoroba. Mwaka 2022 ikatoka tathmini ya nchi nzima iliyoorodhesha shoroba 61, 20 kati yake zikapewa kipaumbele. Lakini ardhi nyingi iliyomo katikati ni ya vijiji, na ukanda wako usipoingia kwenye mpango wa matumizi ya ardhi uliopitishwa na mkutano mkuu wa kijiji, ni rangi kwenye karatasi. Kati ya Tarangire na Manyara tayari ipo Jumuiya ya Hifadhi ya Wanyamapori ya Burunge na ipo Manyara Ranch. Kaa nao kabla hujachora. Na kuna wakati ramani inageuka zege kabisa. Pale Kenya, chini ya barabara ya Nanyuki kwenda Meru, lilijengwa pito la chini kwa chini kuunganisha msitu wa Mlima Kenya na uwanda wa Lewa, na tarehe 1 Januari 2011 dume la tembo waliyemwita Tony likapita. Mandhari yote ile, kilomita na kilomita, ikaishia kwenye tundu moja chini ya lami. Ndiyo maana nakusumbua na mahali pa mbano.

Barua ya pili imetoka kwa kijana mhandisi, ambaye anadhani mambo ya tembo hayamhusu. Anapanga njia ya barabara ya wilaya kwa ramani ya gharama, na anajivunia kwamba njia yake "inakwepa kila mgogoro". Mdogo wangu, hebu itazame tena. Kwako wewe rahisi ni tambarare, pasipo nyumba, pasipo mazao, pasipo mtu wa kulipwa fidia. Unajua mahali pa namna hiyo panaitwaje na watu wa wanyamapori? Ramani yako ya barabara na ramani ya yule dada yako wa Babati zinatafuta ardhi moja. Wewe ukipata njia nafuu kuliko zote, yeye anapoteza ushoroba, na hakuna aliyekusudia. Barabara ya kukatiza kaskazini mwa Serengeti ilizua ubishi mkubwa kuanzia mwaka 2010, mpaka Mahakama ya Afrika Mashariki ikatoa hukumu mwaka 2014 kuzuia isijengwe ya lami ndani ya hifadhi. Si kila wilaya itafikishwa mahakamani, lakini ukichukua ukanda wa wanyama ukauongeza kwenye ramani yako kama gharama mojawapo, nao ukakubali kujadiliana na mlima na fidia, utajua mapema unachokinunua. Na kama ni lazima ukatize, katiza kwa pembe mraba, mahali pamoja, ambapo daraja au pito lipo bajetini tangu siku ya kwanza. Pito la kuongezwa baadaye huwa halipatiwi fedha.

Wa Lushoto, muuguzi unayetaka kujua akina mama wanatembea muda gani hadi zahanati: usitumie duara la kilomita 5 kwenye milima ya Usambara, utawaonea. Waldo Tobler mwaka 1993 alitoa kanuni ya mwendo wa miguu: tambarare kama kilomita 5 kwa saa, kasi kubwa kabisa kilomita 6 kwenye mteremko mdogo wa kushuka wa asilimia 5, na kuanzia hapo inapungua ukipanda na ukishuka sana pia. Kwa hiyo kwenda na kurudi si sawa, piga zote mbili. Na Tobler hakuwa akimfikiria mama mwenye mimba ya miezi minane masika. Punguza kasi, na andika umepunguza kwa kiasi gani.

Mwisho, yule aliyeniuliza kama aweke ramani yake ya vivuko vya tembo kwenye grupu la WhatsApp la wanachuo wenzake, "wajifunze." Hapana. Weka ile ya ukanda mpana, ya kilomita, wajifunze nayo. Koordineti za mikanda ya shingoni na mahali tembo wanapovukia usiku zibaki kwa mwenye data na watu wa doria, maana anayetafuta pembe naye anajua kufungua ramani kwenye simu.

Mwezi ujao namjibu yule wa Mpanda anayetaka kurusha droni. Kibali kwanza, kaka, hata kabla sijakujibu.

Dada yenu.